Krimu ya Wifi

Watu wengine wakifanyiwa operesheni hurudi nyumbani na kovu. Wifi yangu alirudi na cheo. Alitolewa kifuko cha nyongo mwaka ule niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, kwa vitundu vinne vidogo tumboni, na daktari akamkabidhi mawe yake ndani ya kichupa kama mtu anayerudishiwa chenji. Tangu siku hiyo hapakuwa na ugonjwa wa mtu mwingine uliostahili kusikilizwa hadi mwisho. Ukimwambia una mafua, atakuuliza kama umewahi kupasuliwa. Ukisema bado, basi mafua yako ni mchezo wa watoto.

Kile kichupa hakukiweka nyumbani. Alikileta kazini, akakisimamisha kwenye kaunta ya duka la rangi ambako tunafanya kazi sote wawili, mimi kwenye risiti na yeye kwenye kuchanganya rangi. Mteja aliyekuja kununua kopo dogo la rangi ya dirisha aliondoka anajua ukubwa wa kila jiwe, na jinsi lile kubwa lilivyomtesa kwenye harusi ya mdogo wake wa kiume. Harusi yenyewe ilikuwa yangu. Mpaka leo kwenye ukoo wao siku niliyoolewa inakumbukwa kwa maumivu yake.

Nieleweke vizuri. Wifi yangu si mtu mbaya, ni mgumu tu, na kwenye kazi yake hana mpinzani. Mji mzima unamwita Mama Jicho. Tajiri, mwenye duka, alinunua mashine ya kuchanganya rangi kwa mbwembwe nyingi, akaalika wateja waje kuishuhudia. Mama Jicho akashindana nayo mbele yao. Mashine ilitoa rangi iliyokaribia, yeye akatoa rangi yenyewe. Tajiri akaifunika mashine kwa turubai siku hiyohiyo, na wifi yangu akawa anaweka mkoba wake juu yake.

Mtu analeta kipande cha plasta, pindo la pazia, hata ganda la yai, na anataka ukuta ufanane nacho. Wifi anamimina rangi nyeupe kwenye kopo, anadondosha za kukolezea, anakoroga kwa kijiti, anachovya kidole na kupaka tone moja katikati ya kiganja cha kushoto. Halafu anakwenda mlangoni penye mwanga wa jua, anafumba jicho moja, analinganisha.

"Kiganja hakidanganyi," husema. "Kuta zinabadilika, taa zinabadilika, na wateja ndio usiseme. Kiganja changu kiko vilevile tangu nizaliwe."

Mimi aliniambia wiki ya kwanza kazini kwamba sina jicho la rangi, na kwamba hilo aliligundua tangu alipoliona gauni langu la harusi.

Sasa basi. Miaka ikapita, kichupa kikashika vumbi na kufutwa, kikashika vumbi na kufutwa, na wifi akaanza kujikuna. Alijikuna mikono, akajikuna mgongo, akajikuna nyayo akiwa amevua viatu nyuma ya kaunta. Kucha zilipochoka, alichukua brashi mpya ya nywele ngumu kutoka kwenye rafu, akaiingiza ndani ya kola na kusugua mgongo huku amefumba macho kwa raha. Akimaliza anairudisha rafuni. Wateja walizinunua zile brashi wakisema za safari hii zimelainika vizuri.

Baada ya mwasho kikaja kichomi chini ya mbavu za kulia, kisha chakula kikamshinda, kisha akaanza kuniletea habari za chooni. Na kwa kuwa ni mtu wa fani, alizileta kifani.

"Wifi, leo mkojo wangu ni vanishi."

"Vanishi gani?"

"Ile ya milango ya mbele, iliyopakwa mikono miwili."

Siku nyingine akaniambia kwamba choo kikubwa nacho kimepauka kabisa, chokaa tupu, na hata chokaa yenyewe ni ile ya bei ya chini. Alisema kwa sauti ya mtu anayepokea mzigo mbovu kutoka kiwandani.

"Wifi, nenda hospitali," nikamwambia. "Mkojo hauna kazi ya kuwa vanishi."

"Hospitali nikafanye nini?"

"Wakakupime nyongo."

Ah, nilijichongea. Alikinyanyua kichupa, akakitikisa karibu na pua yangu, mawe yakagongana.

"Nyongo ya nani? Mimi nyongo sina! Ilitolewa, ushahidi huu hapa. Wewe jino lililong'olewa lilishakuuma?"

Niambie ungemjibu nini. Nyumbani nikamweleza mume wangu, ambaye ni fundi rangi na ndiye mdogo wake. Naye akanijibu kwamba dada yake hawezi kuumwa kitu asichokuwa nacho. Kwenye ukoo ule akishasema dada, hata daktari anakuwa mgeni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuyaficha. Aliyatangaza rangi moja baada ya nyingine, na sote tukasikiliza kama taarifa ya hali ya hewa.

Ndipo makopo yakaanza kurudi dukani.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliagiza krimu ya madarasa, ileile anayochukua kila mara. Alirudi na kopo mkononi na uso umekunjamana.

"Mama Jicho, hii si krimu. Watoto wanasema wamekaa ndani ya kiini cha yai."

Wifi akachovya kidole, akapaka kiganjani, akaenda mlangoni, akafumba jicho.

"Hii ni krimu," akatangaza. "Madarasa yako yana unyevu. Krimu ikikutana na unyevu inageuka."

Mwalimu mkuu alikuwa amesoma mpaka chuo, lakini kwenye suala la krimu hakuwa na cheti, akaondoka. Akafuata fundi cherehani aliyepaka chumba cha kupimia nguo. Huyo akaambiwa balbu zake ni mbovu. Akaja mama mmoja mwenye saluni, akaambiwa kwamba moshi wa nywele unapanda ukutani. Tajiri akapiga simu kiwandani, kiwanda kikasema ni maji ya mji wetu, na ofisi ya maji ikasema maji hayana rangi na kama kuna mwenye malalamiko aandike barua. Kila mtu alipata mkosaji, na kila mkosaji alikuwa mbali na duka letu.

Mteja mmoja tu hakulalamika. Hospitali ilichukua ndoo nyingi za krimu kwa ajili ya korido ya wagonjwa wa nje. Mtunza stoo wao akaipokea, akaandika kwamba imefika ikiwa safi kabisa, ikapakwa kutoka mlangoni hadi dirisha la dawa, na hakuna aliyefumbua mdomo. Mali ya umma haina mwenyewe wa kukunja uso.

Mimi nilikuwa nakata risiti na kuona makopo yanavyorudi, na nilijua kuna kitu kimeharibika. Lakini mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba hana jicho la rangi anaanzia wapi? Na tajiri alikuwa ameanza kulitazama lile turubai kwa macho ya huruma. Wifi aliyaona macho hayo. Akazidi kuwa mkali, akazidi kuchanganya, akazidi kuwa na uhakika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja kichomi kilimkunja akiwa anakoroga, akashika kaunta kwa mikono miwili mpaka kijiti kikazama ndani ya kopo. Sikumuuliza. Nilifunga droo ya risiti, nikamshika mkono, nikampeleka hospitali huku akinitukana taratibu kwa sababu hakuwa na pumzi ya kunitukana kwa nguvu.

Tulikaa kwenye benchi la korido ileile. Chini, juu, kulia, kushoto, krimu ya wifi. Taa nyeupe ilikuwa imeungua na hakuna aliyeibadilisha. Daktari kijana alikuwa anapima watu palepale kwenye benchi ili foleni isonge. Akamvuta wifi kope la chini, akamtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena.

"Macho hayana tatizo, mama. Umewahi kufanyiwa operesheni?"

Maskini kijana wa watu, hakujua alichokiuliza. Wifi akafungua mkoba. Kichupa kilikuwa ndani. Simulizi likaanza tangu harusini kwangu, na foleni yote ikasogea kusikiliza. Lilipokwisha, daktari kijana alikuwa amechoka kuliko mgonjwa.

"Kama nyongo ilishatolewa, basi hivi ni vidonda vya tumbo," akasema, akamwandikia vidonge.

Njia nzima ya kurudi wifi alitembea mbele yangu.

"Umesikia? Mtaalamu kasema. Wewe ulitaka nipasuliwe mara ya pili ili upate raha."

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nilimwona anatembea kwa kushika kuta.

Vidonge havikufanya lolote. Jua la adhuhuri likiwa linachoma mabati, watu wanajipepea kwa maboksi, wifi yangu alianza kutetemeka nyuma ya kaunta. Meno yaligongana hadi mteja akageuka. Alitafuta kitu cha kujifunika, akalivuta turubai kutoka kwenye mashine, akajifunga gubigubi na kukaa sakafuni. Mashine ikabaki wazi, inang'aa. Hapo nikaogopa kweli. Mtu aliyeiweka ile mashine chini ya mkoba wake miaka yote hawezi kuivua nguo mbele ya tajiri kama bado ana nguvu za kujitetea.

Mume wangu alikuwa nyumbani, hatua chache nyuma ya duka, anamalizia sebule yetu. Fundi rangi huwa hapaki kwake mpaka aaibishwe. Alipaka nusu ya ukuta mmoja zamani, kazi za watu zikamwita, tukaishi na nusu ile muda mrefu mpaka nikapiga kelele. Wiki ile ndipo alipochukua kopo jipya la krimu kwa dada yake na kumalizia nusu ya pili. Tukamleta wifi pale, tukamlaza kwenye kochi ili mume wangu atafute gari.

Homa ilikuwa imemchemsha, lakini macho yakakutana na ukuta na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nani kapaka upuuzi huu?"

Katikati ya ukuta kulikuwa na mstari ulionyooka toka juu mpaka chini. Upande wa kushoto ulikuwa krimu. Upande wa kulia ulikuwa njano, wala usingehitaji jicho lolote la fani kuiona.

"Ni wewe, dada," mume wangu akasema. "Pande zote mbili ni krimu yako. Ule wa zamani, huu wa juzi."

"Unyevu."

"Ukuta ni mmoja, dada. Hauwezi kulowa nusu."

Akainuka na turubai lake mabegani. Akaweka kiganja cha kushoto upande wa kulia, na kiganja kikapotea. Kilikuwa rangi moja na ukuta, vidole tu ndivyo vilivyoonyesha mipaka. Akakihamishia upande wa zamani. Kiganja kikakaa pale, cha njano kama ganda la ndizi iliyoiva.

"Wifi," akaniita bila kugeuka. "Lete mkono."

Nikaweka kiganja changu kando ya chake. Sikuhitaji kuambiwa. Miezi yote ile ngozi yake ilikuwa inageuka kidogokidogo, na kila krimu aliyoipaka kiganjani ikaonekana imepauka mno, akaiongezea njano, na ngozi ikageuka tena, naye akaongeza tena. Jicho lilikuwa zima. Kilichoharibika ni kile alichokuwa akilinganishia. Nyani haoni kundule, sawa, lakini huyu wetu alikuwa akilitazama kutwa nzima kwa jicho moja.

"Jamani," akasema polepole, "nimewapaka watu ngozi yangu."

Mume wangu, fundi mzima mwenye ndevu, akaanza kulia. Yeye wifi hakulia. Alisema twende, kabla hajabadili mawazo.

Kwenye ile korido tulimkuta daktari kijana yuleyule. Akanyoosha mkono kulivuta kope, wifi akamzuia.

"Mwanangu, usinitazame hapa. Hii korido nimeichanganya mimi, nikiwa mgonjwa. Humu ndani hata nife sionekani. Nitoe nje."

Kijana akacheka, akadhani ni homa inasema. Lakini akamtoa. Uani penye jua, alipolivuta lile kope, kicheko kilimkauka. Hakuuliza tena habari za vidonda. Aliita machela kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Daktari mkubwa wa upasuaji alikuja baada ya damu kupimwa na tumbo kupigwa picha. Alituchorea kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu sote watatu tulikuwa tunamtazama kama watoto.

"Nyongo haitengenezwi na kile kifuko. Inatengenezwa na ini, kila siku, mpaka mtu anakufa. Kifuko kilikuwa ghala tu. Tulipokitoa, nyongo iliendelea kupita kwenye mfereji wake kwenda kwenye utumbo. Sasa pale penye mfereji pana kovu la ndani, limekaza taratibu miaka yote hii mpaka njia imebaki kama uzi. Nyongo imerudi nyuma, imeingia kwenye damu, na wadudu wameshaingia kwenye mfereji. Ndiyo hiyo homa."

"Na hakuna aliyeniambia!" wifi akasema kutoka kitandani. Hata hapo alikuwa na nguvu za kutafuta mkosaji.

Daktari akafungua faili la zamani, akatabasamu kidogo.

"Uliambiwa, mama. Hili huwapata wachache, lakini kila mgonjwa tunamwambia: hata miaka ikipita, ukiona macho au ngozi inageuka rangi, rudi mara moja."

Nikakumbuka. Nilikuwepo siku ile, na mtoto mgongoni. Daktari alikuwa anasema maneno hayohayo, na wifi alikuwa anamkatisha ili aulize kama hakuna kichupa kikubwa zaidi.

Walimpitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, wakaupanua mfereji uliokaza na kuacha kijibomba ndani ili nyongo ipite. Ninavyolisema linasikika jepesi. Kabla ya hapo presha yake ilishuka, wakamjaza dripu na dawa za kuua wadudu, na nesi mmoja akatuambia tuombe Mungu, bila kutuangalia usoni. Mume wangu alikwenda bombani kunawa uso na hakurudi. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikazungukwa na njano ile pande zote. Nilikuwa nimemvumilia mwanamke yule tangu siku ya harusi yangu, na nilidhani uvumilivu ndio wote uliokuwepo kati yetu. Nikajikuta naongea na ukuta, namwambia wifi, ukifa nani atanisema? Nilitaka arudi. Nilitaka arudi hata na kichupa chake.

Alirudi. Na kichupa pia.

Siku hizi yuko kazini, mwembamba kidogo, mdomo uleule. Kile kijibomba kitabadilishwa baada ya miezi kadhaa, na daktari ameonya kwamba mfereji unaweza kukaza tena, kwa hiyo awe macho maisha yake yote. Wifi ameshaandaa kichupa cha pili, kitupu, kando ya kile cha mawe. Anawaambia wateja kwamba kijibomba cha zamani kikitoka kitakaa hapo.

Mwalimu mkuu alipopewa rangi mpya ya kurekebisha madarasa aliikataa. Wakaguzi walikuwa wamezisifu kuta zake kwamba zinachangamsha akili. Wateja wengine wakaanza kuja kuomba "ile njano ya Mama Jicho". Yeye haitaki hata kuisikia.

"Ile haichanganywi," huwaambia. "Ile inaugulika."

Tajiri akaipatia mashine kipande cha plasta kutoka shuleni, ikaitoa mara ya kwanza bila kukosea. Sasa inauzwa kwa ndoo, na mkoba wa wifi umehamia kwenye msumari.

Ila yeye haamini tena kiganja chake. Kila asubuhi, kabla hajafungua kopo hata moja, ananiita mlangoni penye jua.

"Wifi, lete mkono."

Naweka kiganja changu kando ya chake. Anafumba jicho moja. Mkono wangu, wa mtu asiye na jicho la rangi, ndio kipimo cha duka zima, na ndio kipimo cha uhai wake. Kwa kawaida hatazami sana. Anasema mkono wangu umekauka, kwani nyumbani kwa mdogo wake hakuna mafuta ya kupaka, kisha anaurudisha kama kitu alichoazima.

Juzi alitazama muda mrefu. Aliegemeza kichwa huku, akaegemeza kule, akanigeuza tuangaliane na jua vizuri. Mteja alikuwa anaita ndani, anataka risiti yake, na sikumjibu.

"Vipi?" nikauliza.

"Zinafanana," akasema.

Lakini mkono wangu hakuuachia, na mimi sikuuvuta.